KULEA MIMBA SI KAZI: Bajeti, Ahadi na Malezi ya Watoto Wetu

(Maandishi ya hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wananchi kuhusu bajeti.)



Tumekuja tuzungumze juu ya bajeti ya serikali. Twajua kwamba neno lenyewe huwafukuza watu wengi mkutanoni. Mwananchi akisikia bajeti, hudhani yataletwa mahesabu ya mabilioni yasiyomhusu, akaona afadhali arudi kibandani auze nyanya zake. Lakini bajeti ni barua ambayo serikali huwaandikia raia wake kila mwaka, na ndani yake imeandikwa ni nani atakayetangulia na ni nani atakayesubiri. Leo tumeamua kuisoma barua hiyo tukiwatafuta watu wawili tu: mtoto ambaye hajafikia umri wa kwenda chekechea, na mama yake anayetakiwa awe kazini saa moja asubuhi.

Wazee waliomo humu ukumbini wanaikumbuka Siku ya Bajeti ya enzi ya chama kimoja. Waziri wa Fedha alitoka na mkoba wake, akauinua wapiga picha wauone, akaingia Bungeni. Na hadi alipoufungua, yaliyokuwamo yalikuwa siri. Raia alikaa karibu na redio akingoja kusikia bei ya mafuta, ya sukari na ya sigara. Kazi yake ilikuwa ni kusikiliza tu. Katiba ya mwaka 2010 iliufungua mkoba huo. Kifungu cha 201 kinataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa umma katika mambo yote ya fedha. Kifungu cha 221 kinataka makadirio ya matumizi yafikishwe Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kumalizika, na kamati ya Bunge iwasikilize wananchi kabla ya kupitisha lolote.

Sheria basi imebadilika. Namna yetu ya kuipokea bajeti ndiyo ambayo haijabadilika sana. Bado twaingoja hotuba ya Juni. Ikitaja watoto, twapiga makofi. Ikitaja kodi, twapiga kelele. Kisha makofi na kelele vyote vikanyamaza kufikia Julai, wakati ambapo fedha zenyewe ndipo zinapoanza kutumika.

MIEZI AROBAINI NA MITANO

Hebu tufanye hesabu moja ndogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Huyo ni mama aliyeajiriwa. Muuza samaki na mfua nguo wa nyumba kwa nyumba hawana hata siku moja. Kwa upande wa pili, mtaala wa shule humpokea mtoto katika darasa la kwanza la chekechea akiwa na umri wa miaka minne. Miaka minne ni miezi 48. Ukiondoa miezi mitatu ya likizo, imebaki miezi 45.

Katika miezi hiyo 45, ni nani anayemlea mtoto wa mfanyakazi? Kijijini, huenda ni nyanya yake. Katika nyumba za wenye uwezo, ni yaya. Lakini mama anayechuma maua Naivasha, anayeshona nguo katika viwanda vya Athi River, anayeuza mitumba Gikomba au anayebeba magunia Kongowea, huyo humwacha mwanawe kwa jirani. Pale Mukuru, Mathare na Kibra, jirani huyo ameshakuwa taasisi. Ana chumba kimoja cha mabati, mkeka, jiko, na watoto wengi kuliko mikono yake. Hulipwa kwa siku, na siku ambayo mama hakupata kibarua, naye hakulipwa. Asipokuwapo yeye, mtoto hufungiwa ndani kwa kufuli, au dada yake wa miaka kumi hukosa shule ili abaki naye.

Wako watakaotuambia kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, na serikali haina sehemu yake humo. Twawaomba wafungue Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya Pili. Pale yameorodheshwa majukumu ya serikali za kaunti. Katika kipengele cha tisa, pamoja na elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, zimetajwa huduma za vituo vya kulelea watoto. Zimetajwa katika mstari mmoja na chekechea, kwa uzito ule ule. Yule mama wa chumba cha mabati anafanya kazi ambayo Katiba imeikabidhi kaunti, na anaifanya bila senti ya kaunti.

WANAYOSEMA WATU

Kila mara ahadi ya malezi ya watoto inapoingia katika bajeti, iwe ya taifa au ya kaunti, husikika sauti nne. Zote twaziheshimu, na zote zastahili jibu.

Sauti ya kwanza ni ya yule anayeuliza kwa nini kodi yake imlee mtoto wa mtu mwingine. Twamjibu kwamba yule mama wa Mukuru naye ni mlipa kodi. Hulipa katika sabuni, hulipa katika muda wa simu, hulipa katika nauli ya matatu ambayo ndani yake mna kodi ya mafuta. Hakuna aliyemuuliza iwapo anakubali kodi yake ijenge barabara ambayo hatapita kamwe kwa gari lake mwenyewe.

Sauti ya pili ni ya mzee anayesema kwamba sisi tulilelewa bila vituo na tukakua. Ni kweli, mzee wetu. Lakini tangu miaka ya 1960 shule nyingi za chekechea katika nchi hii zilijengwa kwa Harambee, akina mama wakibeba mawe na kumlipa mwalimu kwa michango yao. Watoto hawakujilea, walilelewa na kijiji kizima, na kijiji kikabeba gharama. Mwaka 2003 serikali ilipofuta karo ya shule za msingi, chekechea haikuguswa, na wako wazazi walioipita wakawapeleka watoto moja kwa moja hadi darasa la kwanza. Mwananchi amekuwa akiubeba mzigo huu kwa miaka 60. Akiomba usaidizi, haombi sadaka.

Sauti ya tatu ni ya mwenye kituo mwenyewe. Yeye akisikia serikali imekumbuka malezi, moyo humruka, kwa sababu mara nyingi serikali hutangulia na askari wa kaunti kabla ya kutangulia na msaada. Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Sisi mawakili hatupingi leseni, kwa kuwa mtoto anastahili choo safi na mlango wa kutokea moto ukizuka. Lakini leseni bila mkopo, bila mafunzo na bila ruzuku huvifunga vyumba vya maskini na kuviacha vya matajiri, na mtoto akarudi kwenye lile kufuli tulilolitaja.

Sauti ya nne ni ya serikali, nayo husema: hakuna fedha. Hili twataka mlisikilize kwa makini. Kifungu cha 20(5) cha Katiba kinasema kwamba serikali ikidai haina rasilimali za kutekeleza haki za kiuchumi na kijamii, ni juu ya serikali kuthibitisha kwamba rasilimali hizo hazipo. Mzigo wa kuthibitisha hauko kwa mama. Kisha kuna Kifungu cha 53, ambacho kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, ya lishe, ya makao, ya matibabu, na ya kukingwa dhidi ya kutelekezwa. Kifungu hicho hakisemi kwamba haki hizo zitakuja polepole kadiri mfuko utakavyoruhusu. Mtu mzima anaweza kuambiwa asubiri mwaka ujao wa fedha. Mtoto wa miaka miwili mwaka ujao atakuwa na mitatu, na ule mwaka wake wa pili hautarudi.

KAZI NI KULEA MWANA

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Bajeti zetu zina mimba nyingi. Ahadi hutungwa wakati wa kampeni, huonekana tumbo katika hotuba ya Juni, na ngoma hupigwa. Tatizo huja siku ya kulea.

Tazameni namna fedha zinavyogawanywa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na kanuni za mwaka 2015 zinazuia mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ni masharti mazuri, yaliyowekwa ili fedha za umma zisiishie zote mifukoni mwa wafanyakazi. Lakini tazameni athari yake kwa mtoto. Darasa ni maendeleo. Mlezi ni mshahara. Darasa likijengwa huwekewa jiwe lenye jina la mkubwa, hukatwa utepe na picha hupigwa. Mshahara wa mlezi hauna utepe. Kwa hiyo kaunti hupenda kujenga, na mara kwa mara mwalimu wa chekechea akaachiwa mkataba wa muda na malipo madogo, na jengo likabaki na kufuli kwa kukosa wa kulifungua.

Gavana akiambiwa aajiri walezi, hujibu kwamba amefika ukingoni mwa ile asilimia 35. Jibu letu ni swali: ni nani walioijaza? Sheria imeweka kipimo cha debe. Haikusema debe lijazwe washauri, madereva na walinzi wa wakubwa kwanza, kisha mlezi wa watoto aambiwe limejaa.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la nchi maskini pekee. Tarehe 15 Machi 2023, Waziri wa Fedha wa Uingereza, Jeremy Hunt, aliahidi katika bajeti yake kwamba katika Uingereza yenyewe, bila Scotland na Wales, wazazi wanaofanya kazi watapata saa 30 kwa wiki za malezi yanayolipiwa na serikali kwa watoto kuanzia miezi tisa, katika majuma ya muhula wa shule. Wazazi walishangilia. Wenye vituo wakauliza maswali mawili: je, kiasi ambacho serikali italipa kwa kila saa kitatosha? Na walezi wa kuwapokea watoto wote hao watatoka wapi? Ni swali lile lile la mshahara. Ila ahadi yao ilikuwa na kitu kimoja ambacho zetu hukikosa: tarehe. Hatua ya kwanza ilikuwa Aprili 2024, ya pili Septemba 2024, ya mwisho Septemba 2025. Ahadi yenye tarehe inaweza kudaiwa kama deni. Ahadi isiyo na tarehe hubaki kuwa salamu.

Hapa kwetu pia kuna ya kupongezwa, na haki ya mtu apewe hata kama hatumpigii kura. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianza mpango wa chakula cha mchana katika shule za umma na vituo vya chekechea, mzazi akichangia shilingi 5 kwa sahani. Palikuwa na waliocheka na waliotilia shaka, lakini mzazi alijua anachoahidiwa, kwa bei gani, na mtoto aliporudi nyumbani jioni alimuuliza kama amekula. Hiyo ndiyo ahadi inayoweza kukaguliwa na mtu asiyesoma vitabu vya hesabu.

MILANGO MIWILI

Mwaka 2024 nchi hii iliona raia wakiipokea bajeti kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana. Mswada wa Fedha ulikuja na kodi ya asilimia 16 kwa mkate, na ushuru wa mazingira ambao akina mama waliona utapandisha bei ya nepi. Hasira ikapanda. Tarehe 18 Juni kodi ya mkate ikaondolewa, na ikasemwa kwamba ushuru wa mazingira utazihusu bidhaa zitokazo nje pekee. Vijana hawakuridhika. Tarehe 25 Juni Bunge likaupitisha Mswada, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia Bungeni na risasi zikafyatuliwa. Tarehe 26 Juni Rais akakataa kuutia sahihi. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu waliokufa 39, na hesabu hiyo ilizidi kupanda baadaye. Twawakumbuka kwa heshima. Walikuwa watoto wa mtu, waliolelewa kwa taabu hiyo hiyo tunayoizungumzia.

Kwa heshima hiyo hiyo, twataka kusema jambo ambalo halikusemwa sana wakati ule. Hazina ya umma ina milango miwili. Mlango mmoja ni wa kodi, ambako fedha huingia; mwingine ni wa matumizi, ambako hutoka. Mwaka 2024 wananchi waliulinda mlango wa kwanza kwa damu. Mlango wa pili haukuwa na mlinzi. Baada ya Mswada kuanguka, serikali ilitafuta pa kupunguza, na mgao wa kaunti zote 47 kwa mwaka wa fedha 2024/25, uliokuwa umepitishwa kuwa shilingi bilioni 400.1, ukashushwa hadi bilioni 387.4 baada ya mvutano baina ya Bunge la Taifa na Seneti. Karibu bilioni 13 ziliondoka. Na kaunti, kama tulivyosema, ndizo zenye jukumu la chekechea na vituo vya malezi. Mama aliyenusurika na kodi ya nepi hakuambiwa kwamba kikapu cha kaunti yake kimepunguzwa. Hakuna aliyeandamana siku hiyo.

Wala tusidhani mahakama zitatulindia mlango huo peke yake. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, na miongoni mwa sababu ilikuwa kasoro katika kushirikisha umma. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaigeuza hukumu hiyo. Sisi ni mawakili na kazi yetu ni mahakamani, lakini twawaambia kwa dhati: kesi ni mlango wa mwisho, na hufunguliwa baada ya fedha kutumika.

YA KUFANYA

Basi tufanyeje? Kwanza, tuijue kalenda. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa Mkakati wa Fedha hufika kabla ya tarehe 28 Februari, na humo ndimo kila idara hupangiwa kiwango chake cha juu. Makadirio hufika kabla ya tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayekuja kuomba kituo cha malezi mwezi wa Juni ni kama aliyefika arusini sufuria zikioshwa.

Pili, tuulize maswali manne, kwa maandishi, katika kila wadi. Ni shilingi ngapi zilizotengwa kwa malezi ya watoto walio chini ya miaka minne, na zimeandikwa katika kifungu gani cha makadirio? Katika hizo, ni ngapi za kujengea, na ni ngapi za kuwalipa walezi, wangapi? Za mwaka uliopita zilitoka ngapi, na zikatumika ngapi? Na ni wadi zipi zitakazoanza, kwa sababu gani? Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako ndani ya siku 21. Ikinyamaza, nakala ya barua yako tayari ni ushahidi. Ikijibu, linganisheni jibu lake na ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, ambazo huonyesha kilichoahidiwa na kilichotumika kwelikweli.

Tatu, wale akina mama wanaolea watoto katika vyumba vya mabati waletwe mezani. Wao ndio wanaojua mtoto mmoja anahitaji uji kiasi gani, na mlezi mmoja anaweza kuwatunza watoto wangapi. Mkutano wa maoni ya umma ukiitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, katika hoteli, watu hao hawatafika, na sahihi za waliofika kwa ajili ya nauli na chai zitaitwa maoni ya umma. Tudai mikutano iitishwe Jumapili alasiri, karibu na soko, na watoto wapate mahali pa kukaa wakati mama zao wakizungumza.

Ndugu wananchi, vyama vingi havikuletwa ili tupate wakubwa wengi wa kutuahidi. Vililetwa ili mwenye kuahidi ajue kwamba yuko anayehesabu. Mtoto aliyezaliwa usiku wa kuamkia leo ana miezi mitatu ya kukaa na mama yake, ikiwa mama huyo ameajiriwa, kisha miezi 45 inaanza. Katika muda huo zitasomwa bajeti nne au karibu na hapo. Twaweza kuzipigia makofi zote nne, au twaweza kuandika barua yetu ya kwanza wiki hii.

Fomu za maswali yale manne ziko hapo mlangoni, na sisi mawakili tutabaki kuwasaidia wasiojua kuandika.